Kugeuza shule ya umma kuwa shule ya mkataba: njia ya California, hatua kwa hatua

Shule ya mkataba, ile ambayo Wamarekani huiita charter, ni shule ya umma. Haitozi ada, haifungamani na dini, haichagui watoto. Tofauti yake ni kwamba inaendeshwa kwa hati yake yenyewe, na hati hiyo huitoa kwenye sehemu kubwa ya kanuni zinazozibana shule nyingine za wilaya, yaani mamlaka ya elimu ya eneo yenye bodi yake. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza mwaka 1991, California ikafuata 1992. Mwaka 1993 shule ya msingi Vaughn Street, upande wa kaskazini wa Los Angeles, ilikuwa tayari imegeuzwa ikiwa na watoto wake, walimu wake na majengo yake yale yale.

Tunafuata sheria ya California kwa sababu huko njia ya kugeuza imeandikwa kwa undani na imepita kwenye mikono ya mawakili mara nyingi. Majimbo mengine yana milango yake. Florida, kwa mfano, kwa miaka mingi ilitaka kuungwa mkono na angalau nusu ya walimu wa shule na nusu ya wazazi waliopiga kura, na zaidi ya nusu ya wazazi wenye haki ya kura wawe wameshiriki. Ukiwa huko, usichukue namba za hapa.

Jambo moja liwe wazi mapema: shule binafsi haigeuzwi. Sheria inakataza. Na kugeuza si kuanzisha. Anayeanzisha hutafuta jengo na wanafunzi. Anayegeuza hurithi vyote viwili, pamoja na mpaka wa mitaa, chama cha walimu, paa linalovuja na wazazi ambao hawakuomba mabadiliko. Mambo mawili huamua kama mtafika: orodha ya walimu wa kudumu na kalenda. Maneno mazuri kuhusu elimu huja baadaye.

Hatua ya 1: Amueni mnataka uhuru wa kiasi gani

Kuna shule za mkataba zinazobaki mikononi mwa wilaya. Walimu huendelea kuwa waajiriwa wa wilaya, bodi ni ile ile, makubaliano ya chama yanabaki. Kinachobadilika ni vitabu, ratiba na baadhi ya maamuzi ya matumizi. Shule kadhaa za Bonde la San Fernando chini ya wilaya ya Los Angeles ziko hivyo. Aina ya pili ni shule huru. Hapo shirika lisilo la faida lenye bodi yake ndilo mwajiri, ndilo linalopokea fedha za jimbo, na ndilo linaloburutwa mahakamani mambo yakiharibika. Granada Hills, sekondari kubwa ya Los Angeles, ilichukua njia hiyo mwaka 2003, na Birmingham, sekondari nyingine ya huko huko, ikafuata 2009.

Kikundi cha walimu wanaotaka tu kubadili ratiba na vitabu mara nyingi hukimbilia uhuru kamili, halafu wanajikuta usiku wa manane wakijadili bima ya majengo na mishahara ya wapishi. Kama malalamiko yenu ni ratiba, kaeni chini ya wilaya. Kama ni bajeti na nani aajiriwe, aina ya kwanza haitawafaa.

Kwa shule huru, sajilini shirika mapema na ombeni msamaha wa kodi wa serikali kuu siku hiyo hiyo, kwa kuwa majibu huchukua miezi. Bodi ya watu 7 hadi 9 inatosha. Mmoja awe mhasibu aliyewahi kushika hesabu za shule, mmoja awe anajua sheria ya ajira, na mmoja majengo. Wilaya itakayoidhinisha hati ina haki ya kuweka mwakilishi mmoja kwenye bodi yenu, kwa hiyo acheni kiti. Tangu Julai 2019 kampuni ya kutafuta faida hairuhusiwi kuendesha shule ya mkataba California, na sheria ya mwaka huo huo imeweka wazi kwamba mikutano ya bodi ni ya hadhara na kwamba kanuni za mgongano wa maslahi zinaibana bodi yenu kama zinavyoibana bodi ya wilaya. Mkandarasi aliye shemeji wa mjumbe ni tatizo hata kama bei yake ndiyo ya chini kuliko zote.

Hatua ya 2: Hesabuni walimu wa kudumu

Sheria, kifungu cha 47605 cha sheria za elimu, inataka ombi la kugeuza litiwe sahihi na walimu wasiopungua nusu ya walimu wa kudumu walioajiriwa kwa sasa kwenye shule hiyo. Kila neno lina uzito.

"Wa kudumu" ni mwalimu aliyepita kipindi cha majaribio. Kwa kawaida amemaliza miaka miwili mfululizo katika wilaya na ameajiriwa tena kwa mwaka wa tatu. Mwalimu wa muda, wa kujaza nafasi, aliye kwenye mafunzo kazini au aliye bado kwenye majaribio hahesabiwi, hata awe na moto kuliko wote. Chukua shule yenye walimu 52, kati yao 34 wa kudumu, 11 wa majaribio na 7 wa muda. Mnahitaji sahihi 17, kwa kuwa sheria inasema nusu, haikusema nusu na mmoja. Mkileta sahihi 30 ambazo 14 tu ni za walimu wa kudumu, mmeshindwa. Wakiwa 35, nusu ni 17.5, basi mnahitaji 18.

Msitegemee kumbukumbu za mtu. Ombeni kwa maandishi orodha rasmi ya wilaya yenye jina, hadhi ya ajira na tarehe ya kuanza, kisha ilinganisheni na hali halisi ya shuleni. Watatokea wa pembeni: mwalimu aliye kwenye likizo ya uzazi, anayegawanya siku zake baina ya shule mbili, mshauri wa wanafunzi mwenye cheti cha ualimu. Njia salama ni kuwahesabu watu hao kwenye jumla, lakini msizitegemee sahihi zao. Hesabu ikitimia kwa njia hiyo ngumu, hakuna wakili wa kuipinga.

Kusanyeni ziada ya sahihi 4 au 5 juu ya kiwango. Kati ya siku ya kusaini na siku ya kuwasilisha kuna watakaohama, watakaostaafu, na watakaopigiwa simu jioni wakaomba jina lao liondolewe.

Hatua ya 3: Andikeni hati kabla ya kukusanya sahihi

Mpangilio huu haubadilishwi. Sheria inataka hati inayopendekezwa iambatane na ombi, na ukurasa wa sahihi uonyeshe kwa maandishi yanayoonekana kwamba anayesaini ana nia ya dhati ya kufundisha kwenye shule hiyo. Karatasi ya majina iliyozungushwa kwenye chumba cha walimu wakati hati bado iko kichwani mwa mtu ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na wilaya ina haki ya kuikataa.

Hati ina vipengele 15 ambavyo sheria inavitaja, kutoka programu ya masomo hadi utaratibu wa kufunga shule. Nyingi huzidi kurasa 100. Vipengele vingine ni kazi ya kujaza tu. Vifuatavyo ndivyo vinavyoangusha maombi.

Programu ya masomo. Lazima ionyeshe kila kundi la watoto litafundishwaje: wanaojifunza Kiingereza, wenye ulemavu, wanaobaki nyuma na walio mbele. "Tutatumia mbinu shirikishi" haipiti. Andikeni dakika kwa wiki, vifaa, nani anafundisha, na mtoto akishindwa mnafanya nini wiki ya sita. Dakika za mwaka ziko kisheria: 36,000 kwa chekechea, 50,400 kwa darasa la 1 hadi 3, 54,000 kwa la 4 hadi 8, na 64,800 kwa la 9 hadi 12, katika siku zisizopungua 175. Zijumlisheni kwenye kalenda halisi, mkiondoa siku za kutoka mapema. Zikipungua, mkaguzi ataziona na fedha zitakatwa.

Uandikishaji. Shule iliyogeuzwa lazima iwape kipaumbele watoto wanaoishi ndani ya mpaka wa zamani wa shule hiyo. Hapa ndipo inapotofautiana na shule mpya ya mkataba. Msiandike "yeyote wa kwanza kufika". Waombaji wakizidi nafasi, ni droo ya hadharani, na watoto waliokwisha kuwa shuleni hawaingizwi kwenye droo.

Kusimamisha na kufukuza wanafunzi. Wengi hunakili ukurasa wa shule nyingine na kusahau haki ya mtoto ya kusikilizwa na muda wa taarifa kwa mzazi. Mawakili wa wilaya husoma hapa kwanza.

Haki za waajiriwa na pensheni. Tutavirudia kwenye hatua ya 8, lakini hati isiposema wazi, walimu hawatasaini.

Pamoja na vipengele 15 kuna tamko la nani atakuwa mwajiri rasmi kwa ajili ya sheria ya vyama vya wafanyakazi. Ni sentensi moja tu, na ikikosekana ni sababu kamili ya kukataliwa. Kuna pia bajeti ya mwaka wa kwanza pamoja na gharama za kuanzia, na makadirio ya fedha na mtiririko wake kwa miaka mitatu.

Hatua ya 4: Kusanyeni sahihi

Fanyeni hivyo nje ya saa za kazi, na msitumie barua pepe za wilaya. Kila mwalimu aandike jina kwa herufi kubwa, hadhi yake ya ajira na tarehe, kisha aweke sahihi kwa kalamu. Tarehe si urembo. California iliwahi kuwa na sheria ya mwaka 2010 iliyowapa wazazi wa shule zinazofanya vibaya haki ya kudai shule igeuzwe. Ombi la wazazi wa McKinley, mjini Compton, lilikwama mahakamani mwaka 2011 kwa sababu sahihi hazikuwa na tarehe. Huko Adelanto, kwenye shule ya Desert Trails, vita vilikuwa juu ya wazazi waliotaka kuondoa sahihi zao. Jaji aliamua kwamba sheria ile haikuwapa nafasi ya kuziondoa, na shule ikafunguliwa chini ya mkataba mwaka 2013. Hilo lilihusu sheria ya wazazi, kwa hiyo msilitumie kama ngao kwa sahihi za walimu. Ziada ya sahihi ndiyo ngao.

Wekeni nakala tatu za hati kamili mahali ambapo mwalimu anaweza kukaa nazo saa nzima bila kusimamiwa. Anayesaini baada ya kusoma ukurasa wa pensheni hageuki.

Sahihi za wazazi hazihitajiki kisheria kwa kugeuza, ila zikusanyeni. Kikao cha kwanza cha bodi hupima kiwango cha kuungwa mkono na walimu, wafanyakazi wengine na wazazi, na meza tupu huonekana. Sheria ya jimbo inataka taarifa za shule zitafsiriwe pale ambapo asilimia 15 au zaidi ya wanafunzi wana lugha moja ya nyumbani isiyo Kiingereza. Chukulieni hicho kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwenye mitaa ya San Diego ambako familia kutoka Congo zimeweka makazi, wazazi 20 wa Kiswahili hawatafikia asilimia hiyo, lakini ndio watakaosikia uvumi kwamba shule "imeuzwa" kama hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao. Karatasi moja ya maswali na majibu kwa Kiswahili, ikisema bila kuzunguka kwamba hakuna ada na mtoto habadilishi shule, inaweza kuokoa nafasi nyingi mwezi Agosti.

Hatua ya 5: Pangeni kalenda kutoka mwisho

Ombi huhesabiwa kuwa limepokelewa siku mnapoliwasilisha pamoja na tamko lililosainiwa kwamba limekamilika. Kuanzia hapo wilaya ina siku 60 za kufanya kikao cha kusikiliza maoni na siku 90 za kuamua. Siku 30 zaidi huongezwa pande zote mbili zikikubali. Siku 15 kabla ya kikao cha uamuzi, wilaya lazima itangaze mapendekezo ya wataalamu wake.

Sasa tazameni mwisho wa safari. Ili shule mpya ya mkataba ilipwe kwa mwaka husika, lazima ianze kufundisha kati ya Julai 1 na Septemba 30. Kwa upande wa majengo, kanuni za jimbo zinataka shule inayopendekezwa iwe imewasilisha ombi la mkataba kabla au ifikapo Novemba 1 ya mwaka wa fedha uliotangulia, na iwe imeidhinishwa kabla ya Machi 15.

Tuseme mnawasilisha Septemba 1. Siku ya 60 ni Oktoba 31, siku ya 90 ni Novemba 30. Inaonekana sawa, mpaka mkataliwe. Rufaa kwa bodi ya elimu ya kaunti hukatwa ndani ya siku 30, nayo kaunti ina siku 90 zake. Mkisubiri mpaka Desemba 30, mtapata jibu karibu Machi 30, wakati Machi 15 imeshapita. Mtakuwa mmeshinda rufaa na kupoteza mwaka.

Kwa hiyo wasilisheni Agosti 15. Uamuzi wa wilaya utatoka ifikapo Novemba 13. Rufaa ikitayarishwa mapema na kuwasilishwa Novemba 20, kaunti itajibu ifikapo Februari 18. Hata hivyo Agosti ina mtego wake: sahihi zilikusanywa Mei, na wakati wa likizo walimu huhama. Siku ya kwanza walimu wanaporudi kazini, chukueni orodha mpya na kuihesabu upya kabla ya kuwasilisha. Kama mwaka uliopita walikuwa 34 na sasa ni 36, na wawili kati ya waliosaini wamestaafu, 17 zenu zimekuwa 15 na mnahitaji 18.

Hatua ya 6: Vikao viwili

Wilaya haiwezi kukataa kwa sababu haipendi wazo lenu. Lazima iandike sababu za kweli zinazohusu ombi hili. Sababu za zamani ni programu isiyofaa kwa watoto, uwezekano mdogo wa kuitekeleza, upungufu wa sahihi, kukosekana kwa viapo vya kutokutoza ada na kutobagua, maelezo yasiyotosheleza na lile tamko la mwajiri. Sheria ya mwaka 2019 iliongeza mbili nzito: kwamba shule haitahudumia maslahi ya jamii nzima ya mahali hapo, na kwamba wilaya haina nguvu ya kubeba pigo la kifedha.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kujiandaa nayo. Watoto 640 wakiondoka kwenye hesabu za wilaya, gharama za makao makuu, za mabasi na za madeni hazipungui kwa kiwango hicho. Someni ripoti za fedha za wilaya kabla ya kuwasilisha. Kama wilaya iko kwenye orodha ya zilizo hatarini, fikirieni tena kubaki chini yake, au njooni na makubaliano kwamba mtanunua kwake huduma fulani, mathalani chakula na matengenezo, kwa miaka miwili. Makubaliano hayo huokoa maombi kuliko hotuba.

Kwenye kikao cha uamuzi mna haki ya muda sawa wa kujibu mapendekezo ya wataalamu. Jibuni kwa namba za kurasa za hati yenu. Msibadili hati mezani, maana mkishaibadilisha wilaya itauliza kama walimu walisaini hiyo mpya. Na wekeni kila kitu kwenye maandishi. Rufaa ikifika bodi ya jimbo, huamuliwa kwa kumbukumbu zilizopo, na swali ni kama bodi za chini zilitumia vibaya madaraka yao.

Hati ya kwanza hudumu kwa muda usiozidi miaka mitano.

Hatua ya 7: Jengo

Mkigeuza, mnabaki mlipo. Kwa mwaka wa kwanza hali ya majengo huhesabiwa kuwa inatosha kama ilivyo, maana yake hamwezi kudai wilaya ipake rangi kwanza. Kuanzia mwaka wa pili mnaomba kila mwaka, na Novemba 1 ndiyo siku ya mwisho ya kuomba. Chini ya Pendekezo la 39, lililopitishwa na wapiga kura mwaka 2000, wilaya hutoa pendekezo la awali Februari 1 na la mwisho Aprili 1. Mmoja kati yenu awe na tarehe hizo ukutani, si kwenye simu tu.

Jengo na samani hubaki mali ya wilaya. Fanyeni orodha ya mali chumba kwa chumba kabla ya Juni kuisha, na picha, namba za vifaa na sahihi za pande mbili. Kompyuta huwa na tabia ya kupotea wiki ya mwisho ya mwaka. Akiba ya shule iliyo kwenye vitabu vya wilaya haiwafuati yenyewe. Kama mnaidai, iwe kwenye hati ya makubaliano.

Makadirio ya wanafunzi pia yana gharama. Mkidai nafasi kwa watoto wengi wa wilaya kuliko wanaokuja, na upungufu ukafikia mahudhurio 25 ya wastani kwa siku au asilimia 10 ya makadirio, chochote kilicho kikubwa, wilaya inaweza kuwatoza kwa nafasi iliyokaa bure.

Hatua ya 8: Fedha na watu

Mali bila daftari hupotea bila habari, na shule nyingi za aina hii huumwa na ukosefu wa fedha taslimu kuliko upungufu wa bajeti. Chukueni mfano: watoto 640, mahudhurio ya asilimia 93, yaani wastani wa 595 kwa siku. Tuseme kila mmoja analeta dola 12,000 kwa mwaka, jumla ni karibu dola 7,140,000. Asilimia moja ya mahudhurio ikishuka, watoto 6.4 wa wastani wamepotea, sawa na dola 76,800. Ndiyo sababu karani wa mahudhurio ni ajira ya kwanza baada ya mwalimu mkuu.

Wilaya inaweza kuwatoza gharama halisi za usimamizi hadi asilimia 1 ya mapato, au hadi 3 kama inawapa majengo karibu bure. Kwenye mfano wetu tofauti ni dola 71,000 dhidi ya 214,000. Kabla ya kushangilia jengo la bure, fanyeni hesabu hiyo.

Mishahara na marupurupu ikiwa asilimia 80 ya mapato, kila mwezi mnahitaji kama dola 476,000. Malipo ya kwanza ya jimbo kwa shule mpya huja mwaka ukiwa umeanza, tena kwa makadirio, nayo sehemu ya kodi ya majengo hupitia wilayani. Muwe na fedha za miezi miwili ya mishahara, karibu dola 950,000, au ahadi ya benki iliyosainiwa. Jimbo lina mfuko wa mikopo ya hadi dola 250,000 kwa shule mpya za mkataba, lakini sheria yake huziacha nje zilizogeuzwa. Bajeti nyingi za kwanza zina mstari huo, ufuteni. Njia ya nafuu ni kuishawishi wilaya iendelee kulipa mishahara kwa miezi mitatu na kurejeshewa. Kuuza madai yenu ya fedha za jimbo kwa mkopeshaji hufanya kazi, ila ni ghali.

Kwa walimu, bodi haiwezi kumlazimisha yeyote kufanya kazi kwenye shule ya mkataba. Wanaokataa hubaki na wilaya na kupangiwa shule nyingine. Wanaokubali watauliza mambo matatu, na kila jibu liwe kwenye karatasi moja: nitaendelea na pensheni ya walimu ya jimbo? Nikitaka kurudi wilayani baada ya mwaka au miwili, nafasi yangu ipo? Ulinzi wangu wa ajira unatoka wapi sasa? La kwanza linategemea hati yenu, na jibu la busara ni ndiyo. La pili linategemea wilaya, kwa hiyo msiahidi msichokuwa nacho. La tatu ndilo gumu: ulinzi wa walimu wa kudumu hauji wenyewe kwenye shule huru. Hutoka kwenye makubaliano mapya na chama, au kwenye kitabu chenu cha ajira. Sekondari ya Locke ya Los Angeles, ambayo Green Dot, shirika linaloendesha shule za mkataba, liliichukua na kuifungua upya mwaka 2008, ina walimu walio kwenye chama, ila ni chama kingine na makubaliano mengine.

Alama za vidole hazihamishiki. Mwalimu aliyefundisha miaka 20 kwenye jengo hilo hilo lazima apimwe upya kwa jina la mwajiri mpya, na majibu yawepo kabla hajakutana na watoto. Watu 80 kwenye wiki ya mwisho ya Julai ni foleni isiyopita. Anzeni Mei.

Hatua ya 9: Watoto wenye mahitaji maalumu, chakula, daftari

Amueni mapema kama mtakuwa shule ya wilaya kwa elimu maalumu au mtajiunga wenyewe na umoja wa kikanda. Kubaki na wilaya ni rahisi kwa mwaka wa kwanza, ingawa itawadai mchango wa gharama zake. Vyovyote iwavyo, kila mtoto mwenye mpango wa elimu yake, ule unaojulikana kwa herufi IEP, anapata huduma zile zile tangu siku ya kwanza. Mtaalamu wa usemi aliyekuwa wa wilaya akiondoka Juni, mnahitaji mwingine Agosti, na hao ni wachache.

Milo miwili kwa siku, bure kwa kila mtoto anayeomba, ni sheria ya jimbo hata kwenu. Mkataba wa chakula au jiko lenye kibali uwe tayari kabla ya Julai.

Faili za wanafunzi, rekodi za chanjo na matokeo ya Kiingereza yatoeni kwenye mfumo wa wilaya kabla ya Juni 30. Kuanzia Julai 1 nywila zenu zinaweza kufungwa, bila nia mbaya ya mtu. Julai 1 hiyo hiyo bajeti ya awali inatakiwa kwa wilaya. Ripoti nyingine zinafuata Desemba 15, Machi 15 na Septemba 15, na ukaguzi wa hesabu wa mwaka Desemba 15. Daftari la mahudhurio lijazwe siku ile ile na mwalimu aliye darasani na kusainiwa kila wiki. Mkaguzi akikuta lililojazwa mwisho wa mwezi kwa kalamu moja, anaweza kuyafuta mahudhurio hayo, na fedha zake zitarudishwa mwaka wa pili, wakati tayari mmeshazitumia.